Picha Niliyoipiga Kiberege

Wanajumuiya, naomba mniruhusu niongee nimekaa. Miguu haina shida, ila nikisimama nitatamani kutoka. Mama mwenyekiti alishanipa nafasi hii mara mbili, na mara zote mbili nilisema kichwa kinauma. Hakikuwa kinauma. Ilikuwa aibu.

Mnanijua. Wengi wenu mmevaa nguo za mkono wangu hapa hapa Lipangalala. Zile sare za kina mama zilizobana kwapani nilizishona mimi, mnisamehe. Ninayoyasema leo ni yangu. Watu wengine sitawataja. Yupo mmoja hasa ambaye jina lake nilishalitumia vya kutosha.

Binti yangu alipokwenda chuo Morogoro, nyumba ilinishinda. Nikifunga kibanda cha cherehani jioni, sina wa kumpikia, sina wa kumgombeza. Ndipo nikaanza kufuatilia tamthilia moja ya mjane aliyefukuzwa na ndugu wa mume. Ndugu zangu, nawaambia, ile ilikuwa habari yangu. Mume wangu alipofariki kule Mahenge, mimi nilitoka kwenye ile nyumba na mtoto mgongoni na cherehani kichwani, meza yake wakabaki nayo. Na yule dada aliyeigiza mjane alilia kama nilivyolia mimi, kimya kimya, ameuma upindo wa kanga. Nikasema huyu ananijua. Hapo ndipo nilipoanza kupotea. Yeye alikuwa kazini. Aliyekuwa analia ni mimi.

Nikaingia kwenye grupu la wapenzi wake kwenye simu. Tulikuwa watu wa mikoa mingi, tunaitana wanafamilia. Mwanzoni tuliongelea tamthilia tu, nani kakosea, nani kaonewa. Halafu mmoja akaleta picha yake ya shuleni. Mwingine akaleta geti la nyumba anayoishi. Mwingine akasema kamwona na mwanaume, na mimi, mtu mzima, nikamwandikia kwenye ukurasa wake kumkanya kama vile nimemzaa. Kila asubuhi nilimtumia salamu. Siku moja tu akajibu, "Asante mama." Maneno mawili. Nikayasambaza grupu zima, nikafanywa admini kwa sababu ya hayo maneno. Nikawa nawaambia wateja kwamba yule ni mwanangu. Alikuwa anawajibu hivyo watu wengi, najua sasa.

Nina mteja wa miaka mingi, mama mkulima wa mpunga wa kule Kiberege. Siku moja akaja hana furaha. Akanieleza kwamba dada yake anaumwa kansa ya titi, mkono haunyanyuki tena, nguo ya kuvaa kwa kichwa ni mateso. Alitaka magauni yanayofunguka mbele yote, laini, yasiyogusa kidonda. Mgonjwa hawezi kukaa kwenye gari, kwa hiyo niende mwenyewe kupima. Kisha akashusha sauti. Akasema nitamkuta binti wa mgonjwa, kaja kumuuguza mama yake, na hataki ijulikane. Akamtaja, naye ni yule yule dada wa tamthilia.

Jamani, nilishika meza. Lakini nikamwambia, "Mama, mimi ni fundi. Yangu ni futi tu." Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu.

Nilikwenda kesho yake. Nikawakuta nyuma ya nyumba, kivulini, mgonjwa amekaa kwenye mkeka ameegemea mto. Binti yake amekata nywele zote, amevaa fulana iliyopauka, anapuliza uji kwenye kikombe. Aliponiona akainuka akaniambia shikamoo. Hakunijua. Salamu zote zile za kila asubuhi, na hakunijua, angenijuaje? Nikapima taratibu. Mgonjwa akanishukuru, akasema mikono yangu ni miepesi. Akaniambia hospitali wameshamruhusu, na anachoomba kwa Mungu ni kumalizia hapo nyumbani kwake, anasikia wadogo zake wakipepeta mchele.

Nilipokuwa nakunja futi, binti akafungua kitenge cha mama yake amfute bega. Kisha akalaza shavu kwenye lile bega, akafumba macho. Nikatoa simu. Nikajifanya naandika vipimo. Nikapiga.

Sikuituma pale. Nilikuwa na njia nzima kutoka Kiberege mpaka hapa Ifakara ya kufikiri, na nilifikiri. Nilifika kibandani, nikanywa maji, nikaituma. Nikaandika kwamba leo nimekaa na mtoto wetu Kiberege, anamuuguza mama, tumwombee, na isitoke humu. Kiberege nilitaja ili waamini.

Na nilifurahi. Siwadanganyi. Simu ililia mpaka nikaacha kushona. Wananiita mama wa wote, wananiuliza ananukiaje, anaongeaje. Nikawajibu.

Kesho yake picha ilikuwa kila mahali. Siku ya tatu watu wakaanza kufika Kiberege kwa bodaboda, wengine kutoka huku mjini, wengine kutoka upande wa mashamba ya miwa. Hawakuwa watu wabaya. Walileta machungwa, walileta kanga. Lakini walijaa uani na simu mikononi, wanamwita kwa jina la kwenye tamthilia, mmoja anarusha moja kwa moja. Mwanamke mmoja alizunguka nyuma ya nyumba akamwomba mgonjwa aseme neno kwa mashabiki.

Choo cha pale kiko nje, upande wa pili wa ua. Yule mama alikuwa anapelekwa ameshikwa huku na huku, kitenge hakikai. Watu walikuwa wamesimama kwenye hiyo njia. Siku mbili alikataa kunywa uji ili asiende choo.

Ninyi kina mama mliowahi kuuguza, mnaelewa nimesema nini.

Wakamhamisha. Walimlaza kwenye gari, mtu asiyeweza kukaa kwenye gari, wakampeleka Morogoro kwenye chumba cha kupanga ambacho hakuna aliyekijua. Haya nilielezwa na yule mteja wangu. Alikuja kibandani magauni yakiwa yamekwisha, yananing'inia. Nilimwamkia, akaitikia. Hakukaa. Aliyatazama, akagusa kifungo kimoja, akasema, "Mimi nilikupeleka kama fundi." Akaondoka bila kuyachukua.

Mngedhani nilikoma. Sikukoma. Niliifuta picha, kama vile ilikuwa bado kwangu peke yangu, halafu nikaanza kumtumia yule dada ujumbe wa kuomba msamaha. Ujumbe wa sauti, mrefu, nalia humo ndani. Nikamsimulia habari za Mahenge, ujane wangu, upweke wangu. Hakujibu. Nikatuma tena. Akanifungia nisimtumie tena. Nikasema labda hajasikia vizuri, nikasubiri binti yangu aje likizo, nikachukua simu yake nikatuma kwa namba yake.

Hapo akajibu. Aliandika, "Mama, naomba uniache nimuuguze mama yangu."

Binti yangu alikuta huo ujumbe kwenye simu yake. Akauliza, nikamweleza yote, nikitegemea atanionea huruma. Alivuta ungo akachambua mchele. Kisha akasema bila ukali, "Mama, huko si kuomba msamaha. Unataka yeye akubembeleze wewe."

Ndugu zangu, nimepigwa na maisha, nimefukuzwa nyumbani kwangu, lakini sijawahi kupigwa na neno kama lile. Nilikwenda jikoni nikakaa sakafuni. Nikaona kwamba kuanzia siku ya kwanza sikuwahi kumpa yule mtu kitu chochote. Nilikuwa nachukua. Nilichukua machozi yake ya kazini nikasema ni yangu, nikachukua jina lake, nikachukua bega la mama yake, na sasa nilikuwa nataka nichukue na msamaha wake, wakati anabadilisha bandeji.

Asubuhi nilikwenda kwa mama mwenyekiti. Nilimkuta anaanika nguo. Sikumaliza kusema, akaniuliza kama wale wa kwenye grupu wanajua nani alipiga ile picha na jinsi alivyoipata. Nikasema wanajua ni mimi, lakini wanadhani nilialikwa kama rafiki. Akasema basi nianzie hapo.

Nikaandika. Niliandika kwamba sikualikwa, niliingia kwa kazi yangu, nikaiba. Kwamba yule si mtoto wetu, ana mama yake, na mama yake tulimfukuza nyumbani kwake akiwa anaumwa. Nikaomba wafute picha zote za nyumba, za shule, za familia, tubaki na kazi zake tu, atakayeshindwa atoke. Wengi walitoka. Wengine walinitukana, wakasema msanii ni mali ya watu, akitaka siri angelima mpunga. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe. Waliobaki hawakufika ishirini. Uadmini nilimwachia mwingine, nikatoka.

Yule mama alifariki Morogoro. Walimrudisha Kiberege kumzika.

Nilitaka kwenda. Nilishaandaa na kitenge. Mama mwenyekiti aliwauliza wenyewe kwanza, na jibu likaja kwamba nisije. Nawaambia ukweli, moyo wangu ulibisha. Nilisema nitakaa nyuma kabisa, nitajitanda, hakuna atakayeniona. Mama mwenyekiti akaniambia tu, "Wamesema usije."

Sikwenda. Yeye naye hakwenda, alikuja akakaa na mimi kibandani tangu asubuhi mpaka watu waliporudi kutoka maziko. Tulisali rozari. Hakunipa neno la kunifariji na sikulihitaji. Kwa mara ya kwanza yule dada alikuwa ameomba kitu na mimi nikakitii.

Sina mwisho mzuri wa kuwapa. Yule mteja wangu sasa anashonesha kwa fundi mwingine. Tukikutana sokoni namwamkia, anaitikia, anapita, nami namwacha apite. Yule dada sijamtafuta tena, wala sijui kama amenisamehe. Nimeacha kutaka kujua. Tamthilia zake mpya huwa naangalia, siwaongopei, anaigiza vizuri mno. Ikiisha nazima, nalala. Na mteja akija kupima, simu yangu naiacha kwenye droo, vipimo naandika kwenye daftari.

Namshukuru binti yangu, aliyenionyesha ubaya wangu huku akiendelea kunichambulia mchele. Namshukuru mama mwenyekiti kwa kukaa. Nawashukuru na ninyi kwa kuniletea vitambaa vyenu hata baada ya kusikia fununu.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akikuchekesha au akakuliza kupitia kazi yake, amekwisha kukupa sehemu yako. Nyumbani kwake, mgonjwa wake, msiba wake, hivyo hukupewa. Na ukikosea, omba msamaha mara moja, kisha umwache.

Sasa naomba neno la mwisho. Naona baadhi yenu mnatazamana. Mmeshahesabu ni tamthilia gani, ni nani mwenye asili ya Kiberege. Mnaomjua, naomba msimtaje tukitoka nje pale. Msiomjua, msiulize. Nimemaliza.