Punje Hamsini za Gerson Sanam

Wasifu wa marehemu, umesomwa na mjomba wake, Yusten Nubatonis. Oekfatu, Timor, Jumamosi tarehe 8 Februari 2014.

Mchungaji, wazee wa kanisa, wafiwa na majirani. Karani wa kanisa alinipa karatasi ya kujaza: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, ugonjwa, kifo. Alipokumbuka marehemu ni nani, alitaka kufuta sehemu tatu za katikati. Nilimwambia aziache. Nitazisoma zote.

Marehemu Gerson Sanam alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 2013, saa kumi alasiri, hapa Oekfatu. Alikuwa mtoto wa pili wa Melkisedek Sanam na Norce Nubatonis, ambaye ni mdogo wangu. Kama ilivyo desturi, mama na mtoto walikaa siku arobaini kando ya moto ndani ya nyumba ya duara, ile isiyo na dirisha, ambayo mlango wake unaingiwa kwa kuinama na mahindi yake hukaushwa kwa moshi darini. Na kama ilivyo desturi, kuni za moto huo huletwa na mjomba. Nilileta mizigo kumi na minne ya mti wa kusambi, ambao hauzimiki upesi. Nilisifiwa sana. Siku za mwanzo mtoto alikataa ziwa, basi bibi yake mzaa baba, Orpa, ambaye sote tunamwita Bei, yaani bibi, akawa anamtajia majina ya wazee waliotangulia, moja baada ya jingine. Kwa Yakob alilia. Kwa Musa alilia zaidi. Alipotajiwa Gerson, jina la marehemu mume wa Bei, alinyonya. "Haya, mzee mwenyewe karudi," alisema Bei. "Hata akiwa kaburini hataki kuniacha nipumzike."

Kuhusu elimu, shule hakuwahi kwenda. Alihudhuria kliniki ya kijiji kila tarehe kumi ya mwezi, mara tisa, na mara zote tisa alipiga kelele kwenye mizani. Huko ndiko Mama Ferderika, mhudumu wetu wa afya, alikowafundisha akina mama kuitambua nimonia. Kila mama alipewa kifuko chenye punje hamsini za mahindi. Mtoto akikohoa, unatazama saa ya simu na kifua chake, na kwa kila pumzi unahamishia punje moja bakulini. "Punje zikiisha kabla ya dakika kuisha, usimngoje mtu," alisema. "Beba mtoto, nenda kituoni. Na hata zikibaki, kama hanyonyi au kifua kinabonyea chini ya mbavu, nenda vilevile." Sote tulisikia. Siku ya mazoezi Gerson ndiye aliyelazwa mkekani awe mfano. Akanyakua punje, akaitia mdomoni, na hesabu ikasimama mpaka punje ilipotolewa kwa kidole. "Jamani, huyu anakula pumzi zake mwenyewe!" alisema Mama Ferderika. Sidhani kama kuna aliyecheka kuliko mimi.

Kazi yake ilikuwa kulinda mahindi ya uani wasiyale kuku. Aliifanya akiwa amekaa, maana kutembea kulikuwa bado, akipiga ardhi kwa kijiko cha bati. Kuku hawakumwogopa hata kidogo. Alifanya kazi hiyo kila asubuhi kuanzia Novemba hadi Jumamosi iliyopita.

Hakuoa. Lakini kwa kuwa alibeba jina la mumewe, Bei Orpa alimwita "mume wangu", na alimgombeza kwa makosa yote ya mzee yule. "We mzee, tambuu yangu umeificha wapi?" Gerson alicheka kwa meno yake manne. "Cheka tu. Ulipokuwa nayo yote hukuwahi kunichekea." Bei amenituma niseme kwamba ndoa hii ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza.

Ugonjwa ulianza Jumapili tarehe 2 Februari kwa kikohozi na homa. Mvua ilikuwa inanyesha mfululizo. Bei alisema mtoto ana baridi, akakoka moto katika nyumba ya duara. Gerson akafungwa shuka mbili na kulazwa karibu nao. Bei alilea hivyo watoto saba. Wawili aliwazika, lakini siku hiyo hakuna aliyelitaja hilo. Jumatano saa kumi na moja jioni Norce alihesabu. Punje hamsini ziliisha, na dakika ilikuwa bado. Mumewe alikuwa mjini Kupang kwenye kazi ya ujenzi, kwa hiyo neno lilikuwa langu.

"Kaka, punje zimeisha. Tumpeleke."

"Kwa mvua hii? Mto umejaa. Unataka alowe afe njiani?"

"Mama Ferderika kasema tusimngoje mtu."

"Kwani Mama Ferderika ndiye mjomba wake?"

Maneno hayo ni yangu, na nayasoma kama nilivyoyasema. Bei naye alisema, "Msogeze kwenye moto, mwanangu. Moto haujamuua mtu nyumba hii." Nikauchochea.

Alhamisi saa mbili asubuhi tulihesabu tena. Mle ndani ni giza na moshi, kwa hiyo tulihesabu kwa kuweka kiganja juu ya shuka. Dakika iliisha na punje kumi na sita zilibaki. Nilizimimina mkononi nikamwonyesha Norce. "Umeona? Kapona huyo." Bei aliimba haleluya, akabandika bose, chakula chetu cha mahindi na maharage.

"Lakini kaka, hanyonyi."

"Kachoka. Mwache alale."

Norce alinitii. Mimi nilikula bakuli mbili.

Saa nne Norce alimtoa mlangoni penye mwanga na kumfunua. Kila alipovuta pumzi, kifua kilibonyea chini ya mbavu, na midomo ilikuwa ya kijivu. Hakuwa amepona. Mwili ulikuwa umechoka kutafuta hewa. Hivyo ndivyo Mama Ferderika alivyonieleza jana nilipomuuliza, na hakunigombeza, ingawa nilitaka anigombeze. Nilimnyakua mtoto nikakimbia. Nilipofika mtoni nikaingia. Maji yalinifika magotini. Jumatano nilisema mto umejaa, lakini sikuwa nimekwenda kuutazama.

Gerson Sanam alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2014, saa tano na dakika kumi asubuhi, mikononi mwangu, ng'ambo ya mto, kabla ya kufika kituo cha afya. Alikuwa na umri wa miezi kumi na siku ishirini na tatu. Tangu juzi watu wananishika mkono na kuniambia ni mapenzi ya Mungu. Mkono nauona umeshikwa. Zaidi ya hapo sihisi kitu, na naomba mnisamehe kama sijamjibu mtu.

Marehemu ameacha baba yake, Melkisedek, aliyefika jana jioni; mama yake, Norce; dada yake Asnat, mwenye miaka minne; Bei Orpa, mjane kwa mara ya pili; mimi mjomba wake; na mtoto wa miezi mitano aliye tumboni mwa Norce, anayetarajiwa mwezi wa sita. Kile kifuko cha punje nilitaka kukiweka ndani ya jeneza. Norce alikichukua mkononi mwangu. "Hiki hakizikwi, kaka. Kina kazi bado." Sasa hivi kiko shingoni mwake.

Kuni za mtoto huyo ajaye nilishazikata tangu Januari na kuzipanga chini ya paa zikauke. Leo alfajiri wapishi walikosa kuni kavu, kijiji kizima kimelowa. Bei Orpa aliwapeleka kwenye mizigo ile.

"Chukueni hizi."

"Bei, hizo si za mtoto wa Norce?"

"Nazijua ni za nani. Chukueni zote, msibakize hata kijiti." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mjomba mtu, mwezi wa sita usije na kuni. Njoo na msumeno, ukate dirisha, moshi upate pa kutokea."

Chakula mtakachokula baada ya maziko kimepikwa kwa kuni hizo. Karibuni. Dirisha nitaanza kulikata Jumatatu.

Gerson, nakuomba radhi mbele ya watu hawa. Mungu akulaze mahali penye hewa.