Dawa Iliyoua Nzi

Treni ilipoondoka Soga, bibi mmoja wa Kisarawe alimwuliza Mwanaamina, mama kijana wa Mlandizi aliyekaa mbele yangu, mwanawe anaumwa nini.

"Anatapika tangu juzi, bibi. Kapatwa na jicho la mtu. Nampeleka kwa mganga Pugu."

Ukaya, kitambaa chake cha kichwani, ukamteleza Mwanaamina, tukaona kichwa chenye mabaka ya upara. "Na nywele je, mwanangu?"

"Zilipuputika nilipojifungua. Nimenunua dawa gulioni. Nzi alitua kwenye kizibo akafa palepale, nikajua hii kali."

Nilitazama nje, kama afanyavyo kila mwenye masikio asiyetaka kuonekana anasikiliza.

"Unaipakaje?"

"Kwa kiganja, kama mafuta."

"Na mtoto unamnyweshaje uji?"

"Kwa kiganja, bibi, kama sote tulivyonyweshwa."

"Unanawa kwanza?"

"Jamani! Ile dawa, si sumu. Huyu kapatwa na jicho."

Bibi aliushika mkono wake, akaunusa. "Jicho halinuki hivi, mwanangu."

Mwanaamina aliunyakua mkono wake. Treni ikapunguza mwendo kuingia Pugu, mtoto akaanza kulia. Kwa hasira, mama akafungua kibuyu, akamimina uji kiganjani. Treni ikasimama, nami, mwenye masikio yaliyosikia yote, nikashuka.