Utepe Mwekundu wa Kichuguu Namba Kumi na Nne

Tarehe 30 Juni 2017, Bi. Verdiana Heche anavua koti jeupe la maabara yetu ya Tarime baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Koti lenyewe ni la nne. Yale ya kwanza yaliliwa na mchwa, na hakuwahi kuwalaumu.

Alianza kama mwosha chupa, akasomea ufundi wa maabara akiwa kazini, akaishia kuwa mkuu wa chumba cha kuoteshea vijidudu. Wageni walimwita Mtaalamu; sisi tulimwita Mama Mchwa, naye aliitika. Ukipita bila kumpa shikamoo, shauri yako: siku hiyo utaosha visahani vyote vya kuoteshea vijidudu peke yako.

Jina hilo lilianza mwaka 2008, tulipoletewa usaha wa kidonda cha Okal, mchimbaji dhahabu wa Matongo aliyeangukiwa na jiwe. Kila dawa tuliyoijaribu kwa vijidudu vile iligonga mwamba, na Okal akakatwa mguu. Bi. Verdiana alilia mbele yetu sote, kisha akaanza kupekua vichuguu. Alikuwa amesoma kwamba mchwa hulima ukungu wao wa chakula chini ya ardhi, na kwamba wapo bakteria wanaoishi nao ambao huua vijidudu vinavyovamia shamba hilo. Akapima vichuguu ishirini kule Genkuru. Bakteria wa kichuguu namba kumi na nne waliviua vijidudu vya Okal. Tulirukaruka kama watoto!

Furaha haikumaliza wiki. Umeme ulikatika siku tatu, friji ikapata joto, visahani vikaharibika. Akasema si neno, kichuguu kipo. Jamani, hakikuwepo.

Kosa lilikuwa lake, na mwenyewe huwa wa kwanza kulisimulia. Alipokuwa akivipima, ili asivipoteze, alikifunga kila kichuguu utepe mwekundu wenye namba. Wakati ule wa rashi ya dhahabu, watu wakimiminika kuchimba, hakuna mtu Genkuru asiyejua kwamba wapimaji wa madini hufunga utepe mahali walipochukua udongo, na kwamba mchwa hupandisha chembe za dhahabu kutoka chini. Sasa mama mwenye koti jeupe, vimfuko na utepe, nani angemwelewa vingine? Vichuguu vyote ishirini vilichimbwa hadi chini kabisa.

Udongo wa namba kumi na nne ulikuwa nyumbani kwa Mzee Waitara, mchimbaji wa hapo hapo, ndani ya magunia tisa. Bi. Verdiana alimwamkia kwa heshima, akaomba mchwa tu. Mzee hakuzaliwa jana. Mtu atoke Tarime kwa pikipiki kufuata mchwa? Mwishowe wakakubaliana: mama amsaidie kuosha udongo, dhahabu iwe ya mzee, wadudu wawe wa mama. Aliinamia karai siku mbili, huku akiwafukuza kuku wa Bhoke, mke wa mzee, waliokuwa wakimmalizia mchwa wake. Gunia la nane likatoa kipande cha shamba la ukungu, ukubwa wa ngumi, mchwa wakiwa hai. Dhahabu haikutoka hata punje.

Baadaye Mzee Waitara alikuja Tarime kuona alichokikosa. Akaonyeshwa kisahani kilichojaa vijidudu na, katikati, duara safi ambamo hakuna kilichoota, kwa kuwa bakteria wa kichuguu chake walikuwa wameviua. Akasema amechimba mashimo matupu maisha yake yote, ila hajawahi kuona watu wakishangilia utupu. Akacheka sana, kisha akauliza huyo Okal yuko wapi. Alipoambiwa amebaki na mguu mmoja, alivua kofia.

Tuseme ukweli: namba kumi na nne bado si dawa. Sampuli zimekwenda kwa watafiti wakubwa, sifa zimerudi, dawa haijarudi. Inamuuma, nasi inatuuma. Lakini kila miezi mitatu, kwa miaka tisa, amewahamishia bakteria hao kwenye chakula kipya kwa mkono wake mwenyewe, hata wiki aliyofiwa na mumewe. Hawajafa.

Ijumaa iliyopita alimkabidhi Esta, mrithi wake, funguo na daftari. Okal alikuja kushuhudia, na mguu wake wa bandia. Aliomba kukishika kisahani, akakitazama, kisha akamwambia Esta awatunze vizuri hao wadudu, maana Matongo bado kuna watu wenye miguu. Hapo Mama Mchwa alilia mbele yetu kwa mara ya pili.

Asante, Mama. Nenda nyumbani Nyanungu salama, ng'ombe wako wanenepe na magoti yako yapumzike. Tumesikia kuna kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba yako. Tunakuomba kitu kimoja tu: usikifunge utepe.