Kibodi Zinazosikika Upande wa Pili wa Simu

Mgeni rasmi, Mama Mfadhili wetu, Mwenyekiti wa kituo, Msimamizi wetu, wageni mliokaa na ninyi mliosimama kwa sababu viti vimeisha:

Karibuni sana. Chumba hiki cha mapumziko hakijawahi kujaa namna hii, na sisi ni watu wa kupenda watu, kwa hiyo hata joto hili tunalipokea kama heshima. Mama, tuliambiwa utafika asubuhi, tukaambiwa mchana, tukaambiwa labda hutafika kabisa. Mwenzetu tunayemwita Shangazi amepaka wanja na kuufuta hadi wanja wenyewe umechoka. Sasa umefika, na umekalia kiti tulichogombania nani akifute.

Risala hii inasomwa na mmoja wetu, aliyechaguliwa kwa kuwa wenzake wanadai haishiwi maneno. Lakini maneno ni yetu sote. Tumeyaandika pamoja, tumegombana pamoja, tumenuniana na kupatana. Msimamizi alitaka iwe ukurasa mmoja wa shukrani. Ukiona karatasi inatetemeka kuanzia ukurasa wa pili, Mama, sababu ndiyo hiyo.

KAZI YETU

Sisi ni wapokea simu. Mtu anayepigwa nyumbani, aliyefungiwa ndani, anayetishwa na mtu anayekula naye sahani moja, anapiga namba yetu na mmoja wetu anamwambia, "Nakusikiliza." Hatuulizi "Nikusaidie nini?" Tuligundua ukimuuliza hivyo anajibu "Hakuna" na kukata.

Tukisikiliza, tunaandika. Tunachoandika kinaonekana papo hapo kwenye skrini za ghorofa ya juu, waliko wenzetu wa gari. Mpigaji akisema "nyuma ya duka la mkaa", dereva ameshachukua funguo kabla sentensi haijaisha. Ndiyo maana hatuwezi kungoja simu iishe ndipo tuandike. Simu zetu nyingi haziishi. Zinakatika.

Kibodi tulizokuwa nazo zamani zilikuwa za vitufe vya mpira, nusu yake herufi zimefutika, vingine vikizama havirudi. Zilikuwa mbovu, hilo halina ubishi. Tunaongeza, tena kwa sauti ya chini, kwamba zilikuwa kimya.

ZAWADI YAKO NA MAFANIKIO YAKE

Mama, siku uliyotuletea kibodi mpya ulitushika moyo. Ulitusimulia ulivyoanza maisha ukiwa mpiga chapa, wasichana wamejaa chumba kimoja, mashine zikinguruma hadi bosi akiwa bado njiani anajua kazi inakwenda. Ukasema ofisi iliyo kimya imelala. Ukatutafutia kwa upendo kibodi zenye swichi yake chini ya kila kitufe, ile aina inayolia "tak!" kila ukibonyeza, ili kidole kijue kimefika. Mbele ya kila kibodi kuna stika yenye picha yako ukitabasamu. Nyuma kuna stika nyingine: isifunguliwe bila idhini ya mfadhili. Zile za mpira zilichukuliwa na gari la taka siku ile ile, mbele ya kamera.

Mafanikio yapo na hatuyafichi. Tunaandika haraka kuliko zamani. Makosa yamepungua. Vifundo vya mikono vimepona. Yuko mwenzetu tunayemwita Nyundo, na jina hilo hakulipata kwa useremala. Alikuwa akimaliza kibodi kama watu wanavyomaliza sabuni. Yako haijavunjika. Inalia tu.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo tulipogombana. Wengine walisema sehemu hii isiwepo, mgeni haambiwi chumvi imezidi. Wengine wakasema basi risala nzima isiwepo. Tunaomba mlango ufungwe kabla hatujaendelea. Ahsante, Mwenyekiti.

Mama, wapigaji wanatusikia tukiandika. Mwanzoni tulicheka. Mmoja aliuliza, "Huko kwenu mvua inanyesha?" Mwingine, mzee, alisema, "Binti, ukimaliza kukata kucha niambie." Tukayarudia maneno hayo wakati wa chai hadi mbavu zikauma.

Kisha akapiga dada mmoja. Jina lake hatulijui, na tungelijua tusingelisema. Sisi tunamwita Dada wa Bomba, kwa sababu hupiga akiwa bafuni, bomba la maji limefunguliwa, ili sauti yake isivuke mlango. Simu yake imeharibika pale pa kuweka sikio, kwa hiyo lazima atumie spika. Tunachosema huku kinatoka kule, ndani ya bafu, na mume yuko upande wa pili wa mlango.

Nyundo ndiye aliyepokea. Dada akaanza, "Nina watoto wawili, na..." Nyundo akaandika. Dada akaacha sentensi njiani. Akasema, "Nini hicho kinacholia?"

"Hakuna, dada, nakusikiliza."

"Mnaandika? Kinasikika huku! Atasikia!"

Simu ikakatika. Nyundo alibaki ameshika hedfoni kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika sahani moto asiyejua aiweke wapi. Kuanzia siku ile, kila simu ikilia sote tunageuza shingo.

Tukaanza kutafuta kelele inatoka wapi. Kusema kweli, tulianza kwa kulaumiana.

"Nyundo, ni vidole vyako hivyo," akasema Shangazi.

"Mimi? Na wewe unayesikika hadi getini?"

"Mimi nasikika mdomo. Wewe unasikika vidole."

Shangazi hakukosea sana. Kitufe huandika kikifika katikati tu. Ukikisukuma hadi chini kinagonga sakafu ya kibodi, na hapo ndipo kishindo kinapozaliwa. Tulimfundisha Nyundo kubonyeza kama anayejaribu embe kama limeiva. Akaweza, siku mbili tatu. Kisha mtoto mmoja akapiga simu akilia, na vidole vikarudi kuwa vizito. Mama, wewe uliyepiga chapa unajua: moyo ukienda mbio vidole navyo vinakwenda mbio. Hatukuona haki kumdai awe na moyo mwepesi.

Tukahamia kwenye meza. Meza zetu ni za bati, zina droo tupu, kwa hiyo ni ngoma. Taulo ulizoziona chini ya kibodi ulipopitishwa chumba cha simu, na ukauliza kama tunaoga hapa, ni za kuzuia ngoma hiyo. Droo tumezijaza nguo kuukuu. Ile sauti nene, ile ya "du, du", ikapungua kweli. Tukageukia kuta. Chumba kile zamani kilikuwa cha kufulia, kuta tatu zina vigae hadi darini na wa nne ni wa mbao, na mlio ukitoka hauna pa kwenda, unarudi. Tukatundika mablanketi. Tukasogeza maiki za hedfoni karibu na midomo, mbali na mikono. Hilo lilisaidia, ila sasa wapigaji wanatusikia tukimeza mate.

Kila tulichogusa kilipunguza kidogo, na kila kilichobaki kikaonekana zaidi. Kile kitufe kirefu cha kuacha nafasi kina waya chini yake. Ukilegea unagongagonga, na hakuna kinachobonyezwa mara nyingi kama hicho. Vifuniko vya vitufe ni plastiki nyembamba, tupu ndani, vinatoa sauti kali kuliko vile vinene. Tukatia vipete vya mpira. Shangazi akasikia kwamba mafuta hutuliza, akachukua ya nywele, akadondoshea. Kitufe kimoja kikazama kisirudi, na kule juu skrini ikajaa herufi moja, mistari na mistari. Dereva akashuka ngazi mbio akidhani mpokea simu amezimia, uso umeangukia kibodi. Alipotukuta wazima alikaa kwenye ngazi. Tulimpa maji.

Tukajaribu penseli: mmoja anaandika, mwingine anakimbia na karatasi juu. Karatasi ilifika simu zikiwa zimeshakatika.

Mwisho Nyundo akamleta shemeji yake, fundi redio. Akabonyeza kitufe kimoja karibu na sikio, akatazama taulo, mablanketi na droo, akasema, "Shemeji, ninyi mnamfunika jogoo blanketi." Akatueleza kwamba ndani ya swichi zile kuna kidude kidogo kilichowekwa makusudi kilie. Hakijaharibika. Hakitaki mafuta wala kubembelezwa. Kazi yake ni kulia, na kinaifanya vizuri. Lakini zipo swichi za umbo lile lile zisizo na kidude hicho, tena zina mpira mdogo ndani wa kupokea kishindo. Za zamani zinachomolewa, hizo zinachomekwa. Kibodi inabaki ile ile.

Msimamizi akamwonyesha stika ya nyuma. Fundi akarudisha bisibisi mfukoni.

Wiki iliyopita Dada wa Bomba akapiga tena. Nyundo alipoyasikia maji tu, alitoa mikono kwenye kibodi, akaikalia mikono hiyo.

"Leo hamna kelele," dada akasema.

"Hamna, dada. Nakusikiliza."

Basi akasema. Akasema kila kitu, haraka, kama mtu anayemwaga ndoo: mtaa, kichochoro, rangi ya geti, chumba cha ngapi, watoto wanalala wapi. Kule juu skrini ilikuwa tupu. Nyundo alikuwa akiyarudia kichwani kama mtoto aliyetumwa dukani vitu vingi. Simu ilipokatika alipanda ngazi akiwa bado anayatamka, na njiani rangi ya geti ikamponyoka. Bluu au kijani? Gari likaenda kwenye la bluu. Akatoka bibi mmoja na ufagio, akauliza wanamtafuta nani. Hawakuweza kumjibu, kwa sababu swali moja tu la mtaani lingefika kwa mume kabla yao. Wakarudi.

Mama, hiyo ndiyo changamoto. Tukiandika anakimbia. Tusipoandika tunampoteza. Nyundo halali, na anayemwambia si kosa lake ni sisi tunaokaa naye, ambao nasi hatulali.

MAOMBI

Hatuikatai zawadi. Tafadhali lisikike hilo kabla ya lingine lolote, maana tunajua nje ya mlango huu maneno hubadili nguo. Kibodi tunazipenda, na hadithi yako ya wapiga chapa tunaipenda. Wasichana wale walikuwa na haki ya kunguruma. Hakukuwa na mtu wa kuwasikia ila bosi. Sisi tunasikika kule alikojificha mtu.

Ombi letu ni idhini. Tunaomba utukubalie kibodi hizi zifunguliwe, swichi zinazolia zitolewe, za kimya zitiwe. Nje hakitabadilika kitu. Picha yako itabaki inatabasamu pale pale.

Kuna jambo jingine, na tumelizungusha kadiri tulivyoweza. Kibodi moja imeshafunguka. Stika ya nyuma imechanika. Ya mbele iko salama. Shemeji alisema hataki kujua nani aliyechana, akafanya kazi yake. Msimamizi wetu analisikia jambo hili sasa hivi pamoja na wewe, na tunamwomba asituangalie hivyo. Kibodi hiyo iko mbele ya Nyundo.

Ulipofika uliuliza mbona wapokea simu wengine hawakuja kukupokea. Wako zamu, nyuma ya ukuta huu wa mbao, na Nyundo ni mmoja wao. Si dharau. Wiki ile iliyopita, kabla simu haijakatika, Dada wa Bomba alisema mume atatoka leo mchana, na akitoka tu, yeye dada atapiga, tumfuate. Sherehe ilipangwa asubuhi. Sasa ni mchana, Mama, na ratiba ilipobadilishwa hatukuwa na ujasiri wa kusema.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na wote wa nyumbani kwako. Akupe afya, akupe usingizi, na akupe kila unapoita uitikiwe. Anayetusikia leo asikie mema tu.

Kwa kawaida hapa watu hupiga makofi, kisha mgeni rasmi husimama kujibu kwenye kipaza sauti. Tunakuomba usisimame, na wageni wasipige makofi. Ukuta ni mwembamba, na simu iliyoita sasa hivi, mliyoisikia wote, imepokelewa mlio wa pili. Hatujui ni nani. Ukikubali ombi letu, Mama, tikisa kichwa tu. Sote tunakutazama.

Ni sisi,
Wapokea Simu wa Chumba cha Chini,
tuliosimama mbele yako na wanaosikiliza nyuma ya ukuta.