Herufi Hazihami: Wasifu wa Marehemu Norman Gerhart

Marehemu Norman Elwood Gerhart alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika shamba la babu yetu nje kidogo ya Kutztown, Pennsylvania, akiwa kifungua mimba wa mzee Clayton Gerhart na mama Edna. Mimi, Marian, nilimfuata baada ya miaka minne, na ni yeye mwenyewe aliyenituma niwasomee haya. Mtanivumilia. Nimesoma wasifu wa wengi katika kanisa hili na sauti yangu haikutetemeka, lakini leo naona haya, wala sitajifanya kwamba sioni.

Alianza masomo katika shule ya chumba kimoja karibu na shamba, akamaliza sekondari mjini mwaka 1959. Hesabu zilimpiga chenga, ila kuchora na kutazama hakuna aliyemweza. Nyumbani mama alikuwa na kibao cha mbao cha kupigia siagi chapa ya ua, na shangazi Hulda alikuwa na cha kwake chenye ua la namna hiyohiyo. Asubuhi moja Norman, mtoto wa miaka saba, alikataa kupaka mkate.

"Siagi hii si yetu," alisema. "Ni ya shangazi Hulda. Ua lake lina jani lililomeguka."

"We mtoto, kula!" mama alimkemea. "Siagi hailiwi kwa macho."

Lakini alikuwa amesema kweli. Shangazi alikuwa ametuletea siagi jana yake, na mama hakumwambia mtu.

Mwaka 1960 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha beji na medali mjini Reading, akawa fundi wa kuchonga chapa za chuma, zile za kugongea picha na maandishi, mpaka alipostaafu mwaka 1998. Kazi hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa sarafu za dhahabu za miaka ya mwanzo ya taifa letu. Enzi hizo kila herufi, kila tarakimu na kila nyota iligongwa kwa mkono kwenye chuma cha chapa, moja moja, kwa hiyo hakuna chapa mbili zilizolingana kabisa. Mwenye jicho anaweza kuishika sarafu na kusema imetoka chapa ipi, na kama chapa hiyo haijawahi kujulikana, aina hiyo mpya huitwa kwa jina la aliyeigundua. Norman alikuwa na jicho hilo. Watu walimtumia sarafu zao kutoka Texas na California, naye aliwajibu wote bila kuchoka. Vijana wa chama chake cha wapenzi wa sarafu aliwafundisha kanuni moja: "Usihangaike na kilichofutika. Chuma cha chapa kikisuguliwa, vitu vidogo hupotea. Tazama herufi, maana herufi hazihami."

Tarehe 18 Juni 1966 alifunga ndoa na Fern Moyer, hapa hapa kanisani. Fern hupenda kusema kwamba siku walipokutana alimtazama usoni kama anayetafuta ufa, akaukosa, ndipo akamposa. Walijaliwa mtoto mmoja, Dale. Norman alikuwa mume mpole na baba mwenye subira. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu yanayofuata nayo ni kweli.

Oktoba 1994 chama chao cha wapenzi wa dhahabu ya kale kilikutana Lancaster. Wana desturi yao pale. Anayedai amepata aina mpya huiweka sarafu yake kwenye kitambaa cheusi, kando ya ile inayoikaribia zaidi, na wanachama wote hupita na vioo vyao vya kukuzia, kimya. Wakishapita wote, ndipo mwenye pingamizi husema. Norman aliweka dola tano ya mwaka 1807. Upande wa tai, kwenye tawi la mzeituni, tunda moja lilining'inia bila kikonyo. Alisema ni chapa ambayo hakuna aliyepata kuiona. Mimi nilikuwa nimempeleka kwa gari langu, nikawa nimekaa nyuma na kahawa yangu.

Daktari Verna Kriebel, daktari wa meno wa Allentown na mwanamke pekee katika chama, alisimama.

"Norman, chapa ni ileile ya zamani," alisema. "Imesuguliwa tu, kikonyo kikafutika. Tazama herufi zako, ndugu yangu. Hakuna iliyohama."

Kanuni ilikuwa ya Norman mwenyewe. Lakini siku ile alitaka jina, na mtu akitaka jina macho yake huona anachokitaka.

"Hapa hatung'oi meno, Daktari," alimjibu. "Rudi kwenye koleo zako."

Ukumbi mzima ulicheka. Verna alimaliza kahawa yake, akachukua mkoba, akaondoka, wala hakurudi tena kwenye chama. Waliokuwa wakimtumia Verna sarafu waliacha kumtumia. Vitabuni ile dola tano iliitwa Aina ya Gerhart, nasi nyumbani tulikata keki.

Baada ya miaka minane mtu wa Ohio alimletea Norman dola tano nyingine ya 1807. Tunda lilikuwa lilelile, herufi zilezile, na kikonyo kilikuwapo, chembamba kama unywele, nusu yake imekwisha kufutika. Kumbe chapa ilikuwa moja tangu mwanzo, na sarafu hii ndiyo ya katikati, iliyopigwa kabla kikonyo hakijaisha kufutika. Norman aliirudisha kwa mwenyewe akimwambia ni aina ya kawaida, basi. Aliyeambiwa ukweli wakati huo ni Fern peke yake.

"Mpigie Verna simu," Fern alimwambia.

"Kesho."

Kesho yake ikawa kesho nyingine, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Aliacha kwenda mikutanoni akisingizia magoti. Magoti yake yalikuwa mazima. Tulimwona akipanda ngazi kusafisha mifereji ya paa.

Januari mwaka huu wa 2019 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Aliikabili bila kulalamika. Wiki iliyopita Verna alikuja hospitali na bakuli la supu ya kuku na mahindi. Walizungumza habari za theluji na nyonga mpya ya Verna. Norman alikunywa vijiko vitatu, akamshukuru, akamwacha aende. Mlango ulipofungwa aligeukia ukutani akalia.

"Mdomo umekuwa mzito, Marian," alisema.

"Basi nimwite, hajafika hata kwenye gari."

"Niache. Dale ameandika kwenye wasifu wangu kwamba mimi ndiye mgunduzi wa aina ile. Usiusome hivyo. Verna atakuwa amekaa pale pale mbele yako."

"Kwa hiyo aibu yako unaniachia mimi?"

"Ndiyo. Wewe mdomo unao tangu utotoni."

Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Novemba, alfajiri, Fern akiwa amemshika mkono.

Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Nilimpenda kaka yangu, na jana nzima nilitafuta namna ya kulisema hili kwa upole, nikaikosa. Daktari Verna, Norman alikuvunjia heshima mbele ya watu, na wengi wao wamo humu ndani. Kwa hiyo nakwambia mbele yao: chapa ilikuwa moja. Wewe ulisema kweli, na yeye alijua, akanyamaza miaka kumi na saba. Alipaswa kukwambia akiwa hai. Alikuogopa. Tunakuomba radhi, Fern, Dale na mimi. Katibu wa chama tumekwisha kumwarifu.

Marehemu ameacha mjane, Fern. Mtoto wao Dale na mkewe Joyce. Wajukuu wawili, Kendra na Seth. Na dada mmoja, ambaye ni mimi. Hakuacha aina yoyote ya sarafu yenye jina lake.

Mungu ampe pumziko, maana tangu ile dola tano ya Ohio hakulipata.