Cherehani la Mjomba Vosichi

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mjomba alipotoa fomu yangu ya chuo mfukoni, akaiweka katikati ya benchi na kuibana kwa kikombe cha kahawa isipeperuke. Benchi liko nje ya duka lake la ushonaji. Mimi nilisimama mlangoni nikihesabu duara ambazo kikombe kilikuwa kinaacha kwenye karatasi. Fomu ilitaka sahihi ya mlezi kabla ya saa sita mchana wa kesho yake. Bila hiyo, chuo kingenipangia kozi chenyewe. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimesoma masomo manne, sasa nilikuwa nimechagua moja: Lugha na Utamaduni wa Kijerumani. Mjomba, kaka wa mama yangu, aliyenilea tangu darasa la pili, hakukataa. Alisema tu atawauliza wenzake.

Wenzake ni wawili: Kinyozi wa duka la jirani, na mzee mstaafu wa posta tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Mjomba mwenyewe huitwa Vosichi. Jina limetoka kwenye cherehani lake kubwa la mtumba, lenye neno VORSICHT kwa herufi nyekundu juu ya sindano. Yeye aliamini ndiyo kampuni, akalinakili herufi kwa herufi kwenye kibao cha duka: VORSICHT USHONAJI. Mimi nilijua maana yake tangu wiki ya tatu ya masomo. Sikuwahi kumwambia.

— Lugha sawa, alisema Kinyozi. Lakini huo utamaduni wa watu unausomea miaka? Huo ni umbea wenye cheti.

— We nyoa, alisema Redio. Lugha yenyewe ni kazi. Mimi nimepanga barua miaka thelathini. Bahasha za Ujerumani zilikuwa ndefu kuliko zote. Ni yale maneno yao, hayakunjiki.

— Huyu binti alinambia kijiko kwao ni mwanamume, uma ni mwanamke, alisema Kinyozi.

— Na kisu?

— Kisu si huyu wala yule.

— Basi kisu ndiye mshenga, alisema Redio. Watu wakiandaa meza wanaozesha.

— Tena wanaweka kitenzi mwisho, nilisema, nikitaka kusaidia. Katika baadhi ya sentensi, si zote.

— Mwisho vipi?

— Kama mtu aseme, kwa sababu mimi jana dukani mkate, halafu ndiyo aseme nilinunua.

Kinyozi alilifikiria hilo.

— Kwa hiyo unasubiri mpaka mwisho kujua kama alinunua au aliiba.

— Ndiyo maana hawakatizani maneno, alisema Redio. Polisi wao wana subira kweli.

Mjomba alikuwa hajacheka. Alisogeza kikombe, duara ya tatu ikatokea kwenye fomu yangu.

— Mimi naishi na Mjerumani miaka kumi na tisa, alisema. Yule wa sindano mle ndani. Sina ugomvi naye. Ninachouliza ni kimoja. Mtu akiniuliza mtoto wako anajua nini, nimwambie nini?

— Mwambie anajua kijiko, alisema Kinyozi.

Ndipo alipofika mwanamke mmoja tusiyemjua, amebeba begani gauni lenye zipu mbovu. Alisalimia, akatazama kibao kwa muda.

— Samahani, fundi. Hilo neno maana yake nini?

— Ni kampuni ya cherehani, mama.

— Ajabu. Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Tanuri letu limeandikwa hivyo hivyo. Na mashine ya kukandia.

— Kampuni kubwa, alisema Redio.

— Na mlango wa stoo ya umeme.

— Watakuwa wanatengeneza na milango, alisema Kinyozi, lakini sauti ilimpungua.

— Mlango huo tuliletewa na fundi seremala wa hapa hapa. Hilo neno alilibandika kwa karatasi tu.

Redio aliinua birika, akakuta ni tupu. Mjomba akanigeukia.

— Mama, si wewe unayesoma haya?

Ningeweza kusema hatujafika huko.

— Ni tahadhari, mjomba. Maana yake ni tahadhari. Kwenye cherehani, chini ya neno hilo, kwa herufi ndogo, wameandika usiweke vidole.

Mjomba aliinua kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto, ambacho ukucha wake umeota vipande viwili tangu wiki aliyolinunua lile cherehani. Alikitazama kama barua iliyochelewa.

— Kumbe liliniambia, alisema.

Kinyozi alicheka mpaka akashika nguzo.

— Fundi Tahadhari, alisema Redio. Limekukaa.

Mjomba alipokea gauni la yule mama, akachukua fomu, akaikunja mara nne, akaingia ndani bila kunitazama. Nilikwenda nyumbani nikijua nimemwaibisha mbele ya watu wake, na kwamba fomu haikuwa na sahihi.

Asubuhi, saa moja na dakika tano, nilimkuta dukani akishona ile zipu. Fomu ilikuwa mezani, imepigwa pasi, mikunjo yote imeisha. Sahihi ilikuwepo. Palipoandikwa jina la mlezi na kazi yake alikuwa ameandika, kwa herufi zile zile za kibao: Fundi Tahadhari, mshonaji.

— Kibao sikibadilishi, alisema, macho kwenye sindano. Wakiniuliza unajua nini, nitawaonyesha kidole.

Mimi hurudia kuandika ukurasa mzima kwa sababu ya nukta moja ya wino. Kwenye begi nilikuwa na fomu nyingine ya akiba, tupu. Niliiacha humo humo, nikatembea mpaka chuoni, na saa mbili kamili idara ilipofunguliwa nikawapa ile ya mjomba, na duara zake tatu za kahawa.