Kifua cha Kumpelekea Daktari

Jamani, ngojeni niwape ya leo! Niko kwenye mchomoko, Probox ya Katoro kwenda Geita. Pembeni yangu kaka wa karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, vumbi mpaka kwenye kope, na mama mmoja muuza dagaa. Kaka akatoa pampu yake ya pumu, akavuta mara nne.

“Pole mwanangu, imekubana?” mama akauliza.

“Hapana mama. Leo kliniki. Nasafisha kifua kwanza, daktari asisikie filimbi.”

Nikamgeukia mzima mzima. Diploma yangu ya maabara haikunifundisha hilo.

“Sasa anasikia nini?” mama akadakia.

“Kimya. Anasema naendelea vizuri, ananiandikia pampu ile ile.”

“Na kulala unalala?”

“Nakaa, naegemea ukuta.”

“Baba wee! Yaani nyumbani mgonjwa, hospitali unampeleka mzima?” mama akashangaa.

Nilicheka, kisha nikaona kaka mwenyewe hacheki.

“Mama, akisikia ataniambia niache karasha. Watoto wanne wale mawe?”

“Huenda ipo dawa ya kila siku ya kuzuia. Atakupaje na wewe unamficha?”

“Na kama akisema niache tu?”

Mama akaanza kupanga dagaa wake. Mimi na diploma yangu tukatazama barabara.

Gari likasimama njia ya hospitali. Kaka akashuka. Mama akatoa kichwa dirishani: “Kaa kwenye benchi mpaka nguvu ya dawa iishe kifuani, ndipo uingie!”

Kwa foleni za kliniki ninazozijua, itaisha tu kabla hajaitwa, isipokuwa avute tena mlangoni.